Muziki wa Fundi Simu

Fundi simu tuliyepanga naye chumba kimoja cha kazi ana vidole vyembamba visivyotulia. Mteja akishaondoka, huchomeka bisibisi nyuma ya sikio na kufungua kompyuta yake yenye kioo kilichopasuka. Humo anajenga mtaa wa mchezo, na ngazi zake, vibaraza na kamba za nguo: mtaa waliokulia yeye na dada yake kabla haujabomolewa. Dada yuko mbali, na wamepatana wakutane humo. Umebaki muziki tu, wa kulia chini kwa chini mtu akitembea humo. Ameutafuta wee, akachoka, sasa anatunga mwenyewe kwa kinanda cha kwenye simu. Kila kipande hutujaribia sisi bila kutuambia, na mmoja wetu akiinua kichwa, anakifuta. "Muziki ukishasikika, umeharibika," aliniambia, kwa ile sauti yake ya kunong'ona hata mchana kweupe.

Shangazi yake, mshonaji wa pale dirishani, hana subira naye. "Ndevu zote hizo, na bado michezo," husema, pini zikiwa mdomoni. Jana kila mtu alikuwa amezama kazini, mimi na soli zangu, shangazi na cherehani yake. Fundi akanyoosha mkono, akabonyeza kitu. Shangazi akasimamisha cherehani.

"Mbona umezima?" akauliza shangazi.

Ndipo nilipotambua kwamba tangu asubuhi palikuwa na kinanda kinalia. Fundi aliuwasha muziki tena, na vidole vyake vikatulia juu ya meza.