Khitam Zaghlul, Sikio la Chumba cha Habari

Ni saa mbili na robo asubuhi, na Khitam Zaghlul amesharudisha video nyuma mara kumi na moja. Kwenye kioo cha kompyuta, mkwezi wa mitende wa Basra, Iraki, ameketi juu ya gogo, anaeleza jinsi shamba lake lilivyoliwa na maji ya chumvi. Anasema haraka, na meno mawili ya mbele hana. Kuna neno moja ambalo Khitam hajalikamata.

Anavua vidude vya masikioni, anachukua simu na kumpigia mwanamke mmoja wa Kiiraki anayeishi Zarqa.

"Umm Ghazwan, samahani, najua uko jikoni. Hebu sikiliza hapa."

Anaisogeza simu kwenye spika. Upande wa pili kunasikika kicheko.

"Hilo neno la wakwezi, dada. Ni kile kitanzi wanachojifunga kiunoni wakipanda."

Khitam anaandika. Chini ya uso wa mkwezi yule sasa panasomeka: "Nimeuza hata kitanzi changu cha kupandia."

"Bila neno hilo," anasema akigeuza kiti, "mtu angejua tu kwamba ameuza kitu. Sasa anajua hatapanda tena."

Khitam ana miaka 52. Kazi yake ni kuandika na kuhakiki maneno yanayopita chini ya video za Darabzin, chombo cha habari cha mtandaoni kinachowalenga vijana wanaozungumza Kiarabu, kuanzia Morocco hadi Oman. Ofisi yao iko ghorofa ya tatu ya nyumba kuukuu ya mawe, Jabal al-Luweibdeh, jijini Amman. Wafanyakazi ni kumi na saba. Ukimwondoa yeye, mkubwa kuliko wote ana miaka 31.

Wote humwita Khalti, mama mdogo.

"Khalti alizaliwa na nukta na mkato," anatania kijana anayepita na mkate uliopakwa zaatari, majani makavu yenye ufuta.

"Na wewe ulizaliwa bila sahani," anajibu bila kumtazama. "Makombo yako yasifike kwenye meza yangu."

Vijana wengi hutazama video hizo kwenye simu, sauti wameizima. Wanachokijua kuhusu mtu aliye mbele ya kamera ni kile kilichoandikwa chini yake. Na Kiarabu cha mtaani hakifanani kutoka nchi moja hadi nyingine, wala kutoka kijiji hadi kijiji.

Khitam alizaliwa kambi ya wakimbizi wa Kipalestina ya Baqa'a, kaskazini mwa Amman, katika familia ya wakulima waliopoteza kijiji chao mwaka 1948. Alikuwa binti wa tano, na wazazi wakampa jina lenye maana ya mwisho.

"Wakazaa wengine wawili baada yangu," anasema. "Kwa hiyo usiamini kila kichwa cha habari."

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpiga chapa katika duka dogo lililo karibu na lango la chuo kikuu. Wanafunzi walimletea tasnifu zilizoandikwa kwa mkono, naye akazichapa.

"Nimechapa mimea, nimechapa sheria, nimechapa madaraja. Chuo kizima nimekisoma kwa vidole."

Kisha kila mwanafunzi akapata kompyuta yake, na mwaka 2019 duka likafungwa. Mumewe Nuh, fundi vigae, alikuwa ameanza kusumbuliwa na mgongo. Kwa miaka miwili Khitam alishinda jikoni akitoboa maboga machanga na kuyauza kwa wanawake wanaorudi kazini wamechoka, ili wao wabakiwe na kazi ya kujaza wali tu. Mwezi mzuri ulimpa dinari sitini.

Mpwa wake ndiye aliyeliona tangazo la Darabzin. Lilitaka "vijana wenye shauku". Khitam alikwenda hivyo hivyo. Sirin Haddadin, mhariri mkuu, alimpa dakika kumi za mazungumzo ya kijana wa Yemen ayaandike.

"Wengine waliniletea kurasa zenye makosa na uhakika mwingi," anakumbuka Sirin. "Yeye aliniletea kurasa safi, na maswali matatu pembeni. Nikaona huyu ndiye."

Alianza kwa mshahara wa dinari 290 kwa mwezi. Leo anapata 430.

Lakini ofisi nzima itakuambia kwamba kazi ya Khitam ilianza hasa Machi mwaka jana, katika siku mbili ambazo hakuwapo.

Alikuwa hospitalini na Nuh, aliyekuwa akipasuliwa mgongo. Siku hizo ripota Ayham Qaqish, mwenye miaka 23, alikuwa amerudi kutoka kando ya mji wa Jarash na mahojiano ya Hajja Watfa, mwanamke wa miaka 79 anayeuza majani ya mzabibu na zaatari pembeni mwa barabara. Hajja alimweleza kuhusu binti yake Suad, aliyefariki akijifungua. Ayham aliandika maneno mwenyewe, akayarusha.

Chini ya uso wa yule mama paliandikwa: "Siku aliyoondoka Suad, mbwa wangu aliondoka naye."

Hajja hakuwahi kufuga mbwa. Katika Kiarabu cha vitabuni moyo ni qalb na mbwa ni kalb. Lakini wakulima wa upande wa akina Hajja husema kalb wakimaanisha moyo, kama vile kalbi ya washairi wetu wa Kiswahili. Mbwa wao ni chalb.

"Niliona ni jambo la kusikitisha, tena zuri," anasema Ayham, uso ukimwiva. "Mbwa anayemfuata marehemu. Sikujiuliza mara mbili."

Kufikia asubuhi video ilikuwa imetazamwa mara laki saba. Watu walikata kipande kile, wakatia sauti ya mbwa anayebweka, wakatumiana.

Khitam aliiona akiwa kwenye korido ya hospitali.

"Kwanza nilicheka, Mungu anisamehe. Nilidhani ni utani wa mtu. Halafu nikaona nembo yetu pembeni."

Akampigia Sirin palepale.

"Tumeshaifuta, Khalti," alisema Sirin. "Mchana tunatoa masahihisho."

"Masahihisho mtawaandikia watazamaji. Yeye mtamwandikia nini, na hajui kusoma?"

Wiki iliyofuata, Nuh akiwa amerudi nyumbani, Khitam alimfuata Ayham mezani kwake na kumwambia avae koti waende kwa Hajja.

"Atanitukana, Khalti."

"Akutukane. Safari hii nitamnukuu mimi."

Mlango wa Hajja Watfa ulifunguliwa na mkwe wake. Aliwatazama kuanzia viatuni. "Mmetuletea mfupa?" aliuliza.

Ilikuwa siku ya tisa tangu Hajja aache kwenda barabarani. Watoto wa shule walikuwa wakipita na kumbwekea. Magunia ya majani yalikuwa yameegemea ukuta, mengine yameanza kuwa meusi.

Khitam alisalimu, salamu ya kijijini ikamponyoka, na Hajja akainua kichwa. "Wewe ni wa watu gani?"

Swali hilo, anasimulia Khitam, lilimrudisha utotoni. Akiwa shuleni wenzake walimcheka kwa ile *ch* yake ya shamba, naye akaizika. Kwa zaidi ya miaka thelathini amezungumza kama mtu wa mjini, hata ofisini, hata na wanawe.

"Nilikuwa nimekuja nikimlaumu Ayham. Nikajiuliza, huyu kijana angeisikia wapi lugha ya mama yangu, ikiwa mimi ninayekaa naye meza moja nimeificha?"

Akamjibu Hajja kwa lafudhi ile ile ya wazee wake. Akataja kijiji cha wazazi wake, nacho Hajja alikijua. Hajja akasogea, akampa nafasi kwenye godoro.

Ayham alibaki amesimama. Aliomba radhi, sauti ikimkatika, akasema kosa ni lake peke yake.

"Sema kalb," Hajja alimwambia.

Akasema.

"Sema chalb."

Akasema, vibaya. Mkwe akaguna.

"Tena." Akarudia mara nne. Hajja akatikisa kichwa. "Mtoto wa mjini, umepewa moyo mmoja na mbwa mmoja, na bado umewachanganya."

Hapo mkwe alicheka, na chai ya majani ya maramia ikaletwa. Lakini Hajja hakuwa amemaliza.

"Nilidhani mmenikejeli. Kumbe hamkunielewa. Hayo nimekusamehe," alisema. "Na wale wanaobweka barabarani, mtawafanyaje?"

Jibu alilitoa Hajja mwenyewe: warudi na kamera yao, azungumze tena kuhusu binti yake, na safari hii aandike Khitam.

Video ya pili ilitazamwa mara laki moja na elfu kumi, kidogo mno ukilinganisha na ile ya kwanza. Sirin hafichi hilo. "Uongo ulipanda ndege, ukweli ukapanda punda. Lakini punda alifika Jarash." Mwalimu mmoja wa pale aliionyesha darasani. Katikati ya Aprili Hajja Watfa alirudi kwenye sehemu yake barabarani. Mkwe wake anasema wapo bado wanaombwekea, mmoja mmoja. "Anawajibu kwa jina la mbwa," anasema, "kwa matamshi yetu."

Tangu wakati huo Darabzin ina sharti jipya: hakuna video inayotoka kabla mzungumzaji wa lahaja ile ile hajaisikiliza. Khitam ndiye aliyewatafuta wasikilizaji hao. Leo ana watu 46, akiwamo kinyozi wa Tunisia na muuguzi wa Sudani. Kila anayesikiliza hulipwa dinari tano. Ayham, aliyetaka kuacha kazi wiki ile, ndiye anayekusanya maneno yao katika orodha moja. Yamefika elfu moja na mia mbili.

Khitam naye hazungumzi tena kimjini ofisini. Siku ya kwanza vijana walidhani ana mafua.

Mpango wake sasa uko Baqa'a. Jumamosi hii, katika chumba alichoazimwa na chama cha akina mama cha kambini, anaanza kuwafundisha wanawake waliovuka miaka arobaini kuandika maneno ya video. Sirin ameahidi kuwachukua wawili watakaofanya vizuri. Wengine, Khitam anaamini, watapata kazi kwingine, maana vyombo vya aina hii vinazidi kufunguliwa na wanaosikia vizuri ni wachache.

Ametafuta viti kumi na viwili. Waliojiandikisha ni kumi na wanne, na mmoja wao ameuliza kama ni lazima kujua Kiarabu cha vitabuni.

"Nimemwambia aje na kile alichonyonya kwa mama yake," anasema Khitam. "Cha vitabuni tutakikuta njiani."