Samaki Niliyemsafisha Kupita Kiasi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, nawaambia mapema kwamba niliishia darasa la sita, kwa hiyo msinitafutie makosa. Nianze na harufu. Mukeke, yule samaki wetu mdogo, akiwa ametoka ziwani asubuhi hanuki vibaya. Ananuka kama chuma kilicholowa. Harufu hiyo ilikaa vidoleni mwangu mwaka mzima, maana mama yangu aliuza samaki sokoni Cibitoke, na kazi ya kuwapaa na kuwatumbua ilikuwa yangu kabla ya kengele ya shule. Wenzangu darasani walisogeza madawati. Niliwaacha wasogeze. Nilikuwa na haraka nyingine.

Haraka hiyo aliileta Madame Spès, mwalimu wetu wa sayansi. Alitangaza kwamba kabla ya likizo kubwa shule tatu za jirani zitashindana kwa mikono, si kwa kalamu. Kila mwanafunzi atapewa mukeke mmoja na wembe, ampasue, atoe moyo, ini, nyongo na kile kifuko cha hewa, avipange sahanini, bila kutoboa hata kimoja. Mshindi angepokewa shule ya masista huko Kinanira, kula na kulala, bila kulipa. Nafasi ilikuwa moja. Na baba alikuwa ameshasema: usipoipata hiyo, mwaka ujao unashika beseni na mama yako. Basi tangu siku hiyo sikukaa. Nilikula nimesimama, nilisali huku mguu unatikisika, na dada yangu alilalamika kwamba usingizini nampiga mateke.

Shule yetu haikuwa na maabara, na kuendesha mashindano ya namna hiyo bila maabara si mchezo. Madame Spès alikopa sahani za bati parokiani, akakata kila wembe vipande viwili, akatoa meza uwanjani, akaandika namba kwa chaki juu yake, akahesabu sahani, akazihesabu tena. Mimi alinipa kazi ya kuleta samaki, wote wa kimo kimoja, asije mtu akasema wake alikuwa mdogo. Siku yenyewe niliwapanga alfajiri nikawapangua, nikawapanga tena, mpaka mama akachoka.

“We mutoto, waache! Wamekwisha kufa, apana kuwaua mara ya pili!”

Kwa majuma matatu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimetumbua samaki wote wa mama, na wa majirani zake pale sokoni pia. Nilijiambia, huku ndiko kujizoeza. Mikono yangu ikafika mahali pa kukimbia yenyewe bila kuniuliza, nami nikajisifu.

Kengele ilipolia, wengine walikuwa bado wanamgeuza samaki wakitafuta pa kuanzia. Mimi nilitoa magamba, nikapasua tumbo, nikaingiza kidole chini ya mashavu, nikavuta vyote kwa mara moja, nikatupa kwenye ndoo chini ya meza. Nikamsuuza. Nikamchanja mistari mitatu kila ubavu, chumvi ipate kuingia. Nikainua mkono, wa kwanza kuliko wote.

Madame Spès akaja na mwalimu mmoja wa shule nyingine. Akaitazama sahani yangu kwa muda mrefu.

“Générose, moyo uko wapi?”

“Kwenye ndoo, Madame.”

“Leteni mafuta na ndizi!” mvulana mmoja akapiga kelele. “Huyu ameshapika!” Uwanja mzima ukacheka. Nilipiga magoti, nikachakura ndoo, nikapata matumbo mazima, nyongo inang’aa kijani bila tundu. “Ni yangu hii! Tazameni, haikutoboka!” Yule mwalimu mgeni akatikisa kichwa. “Ndoo ni ya watu wanne, binti. Mi nitajuaje?” Madame Spès alijua. Aliijua mikono yangu kuliko mtu yeyote pale. Akapiga mstari juu ya namba yangu, akaenda meza ya pili. Alishinda msichana wa Mutanga aliyetetemeka mpaka dakika ya mwisho, lakini vitu vyote vinne vilikuwa mbele yake, sahanini.

Likizo ilipokwisha nikashika beseni. Miaka mingi nilimchukia Madame Spès. Sasa nasema alifanya sawa, ingawa bado inaniuma kusema. Anayeendesha mashindano hawezi kumpa mtu alama za ndooni kwa sababu anampenda. Kosa lilitoka jikoni kwetu: nilijizoeza kazi ya nyumbani nikidhani ni ya shule, na mikono haisahau kirahisi.

Leo mjukuu wangu Nadège anasoma lise, shule ya sekondari yenye maabara, glavu, na mikroskopi kila meza. Mashindano yao ni wiki ijayo, na yeye pia atapasua samaki. Hatulii, anazunguka uani na simu yake akitazama video za wapasuaji, nami namzunguka yeye. Jana mama yake akamwita kutoka jikoni: “Nadège, njoo uwatumbue hawa wa jioni, nawe ujizoeze!” Wote wakaona ni akili. Nikainuka kitini.

“Apana! Mpaka mashindano yaishe, mutoto huyu asiguse samaki wa chungu. Évariste, wewe ndiye baba yake. Kunja mikono ya shati, shika kisu, uje nikufundishe.”