Koili kwenye Mswaki

Niliondoka Garissa asubuhi moja bila kujua niendako. Mwenye nyumba alikuwa ameshanitolea begi nje, maana kila nikirusha sauti kwa redio ya upepo niliyojiundia, redio yake ilikoroma katikati ya habari. Leseni nilikuwa nayo. Kichujio kizuri ndicho nisichokuwa nacho. Nikadandia lori la unga. Kesho yake likanishusha Kutulo, mbele ya hoteli ya chai.

Mama wa hoteli alikuwa na chumba kimoja, na redio juu ya kabati la vikombe.

"Waryaa, hizo nyaya za nini?" akaniita kwa lafudhi nzito ya Kisomali.

"Za kuzungumza na watu wa mbali, eeddo," nikamjibu, nikimwita shangazi kwa lugha yake.

"Simu huna?" Wanywaji chai wakacheka. "Chumba utabata. Lakini ukifuruga habari ya saa nane, utalala na ngamia."

Nikamwaga koili zangu mezani. Kichujio huzuia makelele yasiingie redio za wengine, na koili, yaani waya uliozungushwa, ndiyo roho yake. Pete ya chuma, rangi ya manjano, niliyoing'oa kwenye kompyuta mbovu ilikuwa ikichemka tu. Ndiyo iliyonifukuzisha Garissa. Safari hii nilitaka kuzungushia waya kitu chembamba, cha mviringo, kisicho chuma. Mfukoni nilikuwa na mswaki wa mti, mbichi, mnyoofu, unene sawa mwanzo hadi mwisho. Nikauzungushia waya, nikajaribu. Redio ya mama haikukohoa hata kidogo. Nikaagiza chai kama mhandisi.

Jua la kule halina huruma. Kufikia adhuhuri mswaki ulikuwa umekauka na kusinyaa, koili ikacheza juu yake kama bangili kwenye mkono wa mgonjwa. Nilipojaribu tena, mwimbaji redioni akageuka chura.

"Ngamia wanakungoja!" mama akanipigia kelele.

Wateja wakaona huruma. Mmoja akaleta kalamu iliyopinda, mwingine akanipa kidole chake nikizungushie waya. Mchungaji mmoja akachomoa kotini bomba tupu la plastiki analonyweshea mbuzi dawa ya minyoo.

"Hii haikauki, walaal, ndugu yangu."

Lilinuka, lakini lilikuwa laini na imara. Nikalizungushia waya, nikaubana kwa gundi.

Saa nane mama alisimama, sikio kwenye redio, mkono kiunoni, mimi nikirusha sauti hewani. Habari zikapita nzima, hadi tangazo la sabuni.

"Habari yenyewe mbaya," alisema, akinirushia ufunguo. "Afadhali ungeikata."

Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba na msumari mmoja ukutani. Nikatundika begi.