Msalaba Pembeni mwa Jina la Mama

Mama alikuwa mgonjwa, na alitaka jambo moja tu: kujua kama kuna ndugu yake aliyebaki ziwani. Shangazi yake alimpandisha huku mlimani, Mbinga, mama akiwa na miaka kama sita, kisha shangazi akafa, na habari za nyumbani zikakatika. Mama alikumbuka parokia ya ufukweni alikobatizwa, jina la baba yake, na kaka aliyemfundisha kuogelea.

Mimi subira sina. Msimu ule wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wamejaa Mbinga, nikadandia pikapu ya mmoja aliyeshuka ziwani kufuata dagaa. Kila aliposimama kupiga soga nilitamani kushika usukani mwenyewe.

Nilipofika parokiani, padre alikuwa vigangoni, kwenye makanisa madogo ya vijijini. Funguo alibaki nazo katekista, mzee niliyemkuta akianika muhogo.

"Shikamoo baba. Nimefuata kitabu cha ubatizo."

"Marahaba. Kitabu hakina miguu, mwanangu. Kaa ule kwanza."

Nilikula haraka hata sijui nilikula nini. Kumbe shida ilikuwa mbele: kitabu kinafuata tarehe ya ubatizo, si majina, na mama hakujua mwaka wake. Mzee alilamba kidole, akafunua ukurasa, akausoma wote, akalamba tena. Nilikaribia kumpokonya.

Jua lilikuwa limeshapinda alipolifikia jina la mama, na la baba yake. Pembeni palikuwa na msalaba mdogo wa wino.

"Pole. Huyu ni marehemu."

"Huyu yuko Mbinga. Jana amekunywa uji."

Mzee akavua miwani. "Taarifa aliileta kaka yake. Watu wa huko juu walimwambia shangazi na mtoto wamekufa wote. Huyo kaka yuko kijijini Ngumbo, kazeeka. Kila Novemba analeta jina hili lisomwe kwenye misa ya marehemu. Hajakosa hata mwaka mmoja."

Nilipandwa na hasira. Miaka yote hiyo hakupanda mlima kuulizia? Halafu nikajiuliza sisi tulishuka lini kumtafuta.

Pikapu ilikuwa ikipiga honi. Katekista aliahidi kupeleka habari Ngumbo, nami nikakimbilia kwa mama. Nilimweleza yote kabla sijakaa, pamoja na ule msalaba, nikidhani atacheka.

Alilia.

"Mimi sikumwombea hata mara moja," alisema. "Nilijua amenisahau."