Mgonjwa wa Kwenye Sanduku la Kioo

Juzi juzi nilikwenda Bukoba kumzika Baba Mdogo, yule aliyewahi kumwoa mdogo wake mama yangu. Alikufa mzee kabisa, hana jino. Turubai zilifungwa, kwaya ikaimba, na bwana mmoja mwenye suti iliyompwaya akasimama kusoma wasifu wa marehemu. Akasema marehemu alikuwa mtu wa huruma isiyo ya kawaida, kwamba zamani za Mwingereza aliwahi kumuuguza mnyama mgonjwa nyumbani kwake mpaka akapona. Waombolezaji wakatikisa vichwa kwa kuguswa. Mama mmoja pembeni yangu akafuta machozi. Mimi niliinama nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba, maana ningefungua mdomo wangu msiba ungevurugika.

Lakini mimi na wewe hatuko msibani, kwa hiyo kaa nikueleze huruma hiyo ilivyokuwa.

Nililetwa Bukoba kutoka Buganguzi nikiwa binti mdogo, juu ya magunia ya kahawa ndani ya lori, ili nisome na nimsaidie Mama Mdogo kazi za nyumbani. Walikaa Kagondo, nyumba ya bati iliyozungukwa na migomba michache. Nakumbuka asubuhi za mji ule kana kwamba bado naziamkia: ukungu umeshuka kutoka kilimani, harufu ya dagaa kutoka ufukweni, harufu ya bizari na mafuta ya taa kutoka duka la Mhindi lililokuwa njiani kwenda shule. Nilichota maji chemchemini, nilimenya ndizi, nilifagia. Mama Mdogo alinifundisha kumenya bila kuchafua vidole kwa utomvu, na alikuwa na kicheko kilichosikika mpaka kwa jirani. Siku za senene tuliketi uani tukiwanyonyoa mabawa na miguu, yeye akisimulia, mimi nikicheka mpaka bakuli linamwagika.

Baba Mdogo hakucheka. Alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, na ukarani ulikuwa umemwingia mpaka kwenye shingo. Alivaa kaptura iliyopigwa pasi ikasimama kama ubao, na soksi ndefu nyeupe ambazo nilizifua mimi. Akiongea na sisi alinyoosha kidevu. Akiongea na bwana wake, Mwingereza mwekundu mwenye masharubu, mgongo ulijikunja wenyewe. Nilimwona siku moja sokoni akimwamkia bwana huyo, na tangu hapo sikuweza tena kumtazama bila kuona ule mgongo.

Basi bwana yule akaenda Ulaya likizo ndefu, na kabla ya kuondoka akamwachia karani wake mnyama wake amtunzie. Wapagazi wawili walilibeba sanduku la kioo lenye maji, na watoto wa Kagondo nzima wakaja nyuma yao. Ndani mlikuwa na kitu cheupe chenye wekundu kwa mbali, kirefu kama kiganja cha mtu mzima, kina miguu minne myembamba, mkia wa samaki, na shingoni vishungi vya nyama vinavyopepea. Kinywa chake kipana kilikuwa kimekaa kama kinatabasamu. Baba Mdogo alituambia jina lake ni akisoloto, na kila alipolitaja alifumba macho kidogo.

Jirani yetu, bibi mmoja mzee, alichungulia akasema, "Waitu, si emamba hii? Kamongo mchanga kabisa!"

"Emamba ni wa matopeni," Baba Mdogo akamjibu. "Huyu ametoka Ulaya."

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwalimu, nilisoma kwamba mnyama huyo asili yake ni Meksiko, na huko anaishi matopeni. Nilicheka peke yangu ofisini.

Kuanzia siku ile sebule haikuwa yetu tena. Tulinong'ona tukipita. Yule mnyama tulimwita Mgeni, maana jina lake halisi Baba Mdogo aliliona halifai vinywa vyetu. Mgeni alikula maini. Maini yalinunuliwa, yakakatwa vipande vyembamba, yakashushwa majini kwa kijiti, na sisi tukarudi jikoni kwenye ndizi na maharage. Ili kumpendezeshea makazi, Baba Mdogo alikwenda ziwani akaokota vijiwe vidogo vya rangi rangi akavitandaza chini ya sanduku. Alivipanga kwa mikono yake mwenyewe, yeye ambaye hata kikombe chake hakuwahi kukiondoa mezani.

Wakati huo Mama Mdogo alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza. Miguu yake ilianza kuvimba. Viatu vilikataa, kisha na kandambili zikakataa, akawa anatembea peku. Ukimbonyeza kwa kidole, shimo lilibaki. Asubuhi uso ulikuwa umejaa hadi macho yanakuwa mistari. Aliniambia kichwa kinamgonga na anaona kama vimulimuli mchana kweupe. Alimwambia na mumewe. Akajibiwa kwamba wanawake wote huwa hivyo.

Kisha akavimba Mgeni.

Hapo ndipo nyumba ilipotikisika! Aliacha maini, tumbo likajaa kama kibuyu, akawa anaelea upande upande, mguu mmoja juu. Baba Mdogo aliporudi kazini na kumkuta hivyo alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu aliyefiwa. Maji yakawa lazima yabadilishwe asubuhi na jioni, yatoke chemchemini, yawe ya baridi. Nilipanda na kushuka mlima na debe kichwani. Na kwa kuwa mchana bati lilipata moto, Mama Mdogo alipewa kazi ya kuketi kando ya sanduku, kulifunika kwa kanga yake mwenyewe iliyoloweshwa, na kuilowesha tena kila ilipokauka. Aliketi sakafuni, miguu yake imenyooshwa mbele yake kama ya mtu mwingine, akimpepea mnyama.

"Bwana akirudi," Baba Mdogo alisema, "atajua mimi ni mtu wa namna gani."

Alinichukua twende hospitali kutafuta dawa, mimi nibebe chupa. Dresa, mtu mpole aliyetoka upande wa Muleba, alituuliza mgonjwa ni nani.

"Ni mnyama wa bwana mkubwa. Tumbo limejaa."

Dresa alimtazama kwanza aone kama ni mzaha. Alipoona sio, akampa chumvi ya haluli kidogo, amwogeshee. Kisha akauliza, "Na mama hajambo? Mimba imefika wapi?"

"Hajambo kabisa."

"Amevimba miguu na uso," nikasema. "Na kichwa kinamgonga."

Baba Mdogo alinifinya nyuma ya mkono, lakini dresa alikwishasikia. Uso wake ukabadilika. "Mlete kesho asubuhi. Usikose, bwana. Hali hiyo si ya kukaa nayo nyumbani."

"Nitamleta," akasema.

Kesho yake asubuhi alivaa soksi zake. Mama Mdogo alikuwa ameshajifunga kitambaa kichwani, amekaa kizingitini anamsubiri. Akamwambia, "Leo haiwezekani. Ukiondoka wewe, nani atalowesha kanga? Mtoto anakwenda shule. Tungoje Mgeni apate nafuu." Akatoka. Nilimtazama Mama Mdogo akifungua kile kitambaa taratibu, akakikunja, akarudi kando ya sanduku.

Sikwenda shule. Nilikimbia mpaka dukani nikamwambia mke wa Mhindi, kwa sababu ndiye mtu mzima wa kwanza niliyemwona. Alikuwa akipima sukari. Aliacha kijiko ndani ya gunia, akaniuliza maswali mawili matatu, kisha akatoka nje kwa haraka, kanzu yake ndefu ameikamata mkononi, akamsimamisha dereva wa lori la kahawa aliyekuwa akijiandaa kwenda Buganguzi.

"Mwambie mama yake mke wa karani aje leo. Leo hii, umesikia? Asingoje kuvuna wala kupika. Na wewe ndiye utamleta."

Bibi, mama yake Mama Mdogo, alifika alasiri, amekaa juu ya magunia matupu, vumbi jekundu limempaka mpaka kope. Sijui kama kwenu ni hivyo, lakini kwetu zamani mama mkwe na mkwewe hawakukutana uso kwa uso. Alipokuja kututembelea, Bibi aliishia uani, na salamu zake kwa Baba Mdogo zilipitia ukutani. Siku hiyo aliingia sebuleni moja kwa moja. Alimkuta binti yake ameegemeza kichwa kwenye kioo, macho hayaoni vizuri, mkono bado unapepea.

Baba Mdogo akatokea kutoka kazini wakati huohuo. Alishtuka kumwona mkwewe mbele yake, akainama. Lakini jicho lake likaenda kwenye dirisha ambalo Bibi alikuwa amelifungua.

"Karibu Mama. Ila dirisha... jua litamfikia."

"Litamfikia nani?"

"Mgeni. Ni mgonjwa."

"Mwanangu amefura hivi, haoni, na wewe unaniambia jua?"

"Mama, bwana akirudi ataniuliza. Nitamjibu nini?"

"Na mimi nikikuuliza," Bibi akasema, "utanijibu nini?"

Baba Mdogo alitazama soksi zake. Dereva na Bibi walimnyanyua Mama Mdogo, nami nikashika miguu ile mizito, yenye joto. Baba Mdogo alisema atatufuata akishabadilisha maji. Nakuapia, alisema hivyo, na alikuwa na debe mkononi.

Njiani Mama Mdogo alipata kifafa cha mimba. Hospitali walimpokea mbio, yule dresa akiwa wa kwanza. Mtoto alizaliwa alfajiri, msichana, mwenye nywele nyingi, amekwisha kufa. Mama Mdogo alibaki, kwa shida, hajitambui. Alipofumbua macho kesho yake mchana Bibi alimweleza kwa Kihaya, kwa maneno machache, na akambana mikono yote miwili.

Hapo ndipo Baba Mdogo alipoingia wodini. Alikuja anatembea haraka, uso unang'aa.

"Amepona!" akasema.

Bibi aligeuka. Kwa nukta moja nadhani alifikiri kuna neno la daktari ambalo sisi hatujalisikia. "Nani amepona?"

"Mgeni! Kumbe alimeza kijiwe. Amekitoa, tumbo limeshuka lote, na amekula!"

Alikuwa na kijiwe chenyewe mfukoni, cha kijani, akakitoa atuonyeshe. Mama Mdogo alikitazama kile kijiwe, akamtazama aliyekishika, kisha akajigeuza ukutani. Dresa alimshika Baba Mdogo begani akamtoa nje, akamweleza. Alilia, sikatai. Alilia kwa sauti kubwa barazani, na akahakikisha wote waliopita wanamwona.

Mama Mdogo hakurudi Kagondo, wala mimi sikurudi. Alitoka hospitali kwa lori lilelile hadi Buganguzi, mtoto akazikwa katika kibanja cha Bibi, kati ya migomba. Baada ya muda Baba Mdogo alikuja na wazee wake na mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kuomba mkewe arudi. Walizungumza sana, waliheshimiana sana. Mama Mdogo alikuwa chumba cha pili. Walipomwita aseme, aliuliza kutoka hukohuko:

"Mnyama yupo?"

"Yupo," akajibu, na mwenzangu, sauti ilijaa fahari. "Anaendelea vizuri kabisa."

"Basi una wa kukaa naye."

Wazee wakainuka, rubisi haijaisha.

Bwana mwekundu aliporudi kutoka Ulaya alirudi na mbwa wawili wakubwa. Baba Mdogo alimpelekea sanduku, vioo vimefutwa, soksi mpya miguuni. Bwana alisema, "Ah, hicho," akamwamuru mtunza bustani akiweke nyuma ya nyumba. Mbwa walimmaliza Mgeni kabla ya wiki kuisha. Mke wa Mhindi ndiye aliyetuletea habari, alipokuja Buganguzi kumtazama Mama Mdogo. Alisema Baba Mdogo anamweleza kila mteja dukani, kwa huzuni, kwamba mbwa wa bwana ni wa aina bora sana.

Mama Mdogo aliolewa tena, akazaa wavulana, akapanda kahawa yake. Kicheko kilirudi, ingawa kilikaa miaka kabla ya kurudi.

Baada ya mazishi nilipanda gari nikaenda Buganguzi. Bibi hayupo, Mama Mdogo hayupo, na nyumba ya msonge ya Bibi ilikwisha kitambo. Mnyauko umekula migomba, watoto wa ndugu wameng'oa mibuni wakapanda mikaratusi ya kuuza nguzo. Harufu ya kahawa ikianikwa kwenye mikeka, moshi wa jikoni ukipenya nyasi za paa, wanawake wakiitana kutoka kibanja hadi kibanja, vyote hivyo sikuvikuta. Kwa Baba Mdogo watajenga kaburi la vigae. Tayari mchango umepita. Mimi nilitembea katikati ya mikaratusi ile nikitafuta mahali alipolazwa yule msichana mwenye nywele nyingi. Kijana mmoja wa ukoo alinifuata akaniuliza, "Bibi, umepoteza kitu?" Nikamwambia hapa pana mtu. Akatazama chini, akatazama miti, na kwa adabu akasogeza mguu wake pembeni, ingawa hakuna kati yetu aliyejua kama aliusogeza upande unaofaa.