Hedifoni za Shangazi

Shangazi yetu alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi mpaka alipostaafu. Mumewe, dereva wa malori, alifariki mwaka uleule, akamwachia mashine yake ya sauti: sanduku jeusi, zito kama mfuko wa simenti, na spika tano zilizozunguka sebule. Marehemu aliinunua ili akitazama filamu, milio ya magari imtokee hata kisogoni. Shangazi alikuwa akiilalamikia kila siku. Alipobaki peke yake, ndiyo ikawa inamtoa upweke. Akiamka tu anafungulia redio ya mashine hiyo kwa spika zote, nyumba inajaa watu.

Asubuhi moja jirani yake, fundi viatu, akabisha hodi.

"Samahani, mama. Mama yangu katoka hospitali. Anahitaji kupumzika."

"Ungeniambia mapema, mwanangu." Shangazi akaona haya. Yeye aliyewanyamazisha wageni wa wodini miaka yote!

Akazima. Kimya kikatanda mpaka akahisi masikio yanamuuma. Akampigia simu shemeji yake, mdogo wa marehemu, anayetengeneza redio mji mwingine.

"Nunua hedifoni, shemeji. Mbele ya mashine kuna tundu lenye picha ya hedifoni. Chomeka hapo, spika zitanyamaza zenyewe."

Zikanyamaza kweli. Lakini waya ulikuwa mfupi. Kila akitaka kwenda jikoni ilibidi azivue.

"Nimefungwa kama mbuzi!" akalalamika.

Shemeji akacheka. "Basi tafuta rekoda ndogo ya kanda. Nyuma ya mashine kuna matundu mawili ya kutolea sauti, jekundu na jeupe. Rekodi kipindi, kisha itie mfukoni utembee nayo."

Mara ya kwanza alichomeka kwenye matundu ya kuingizia, akapata kanda nzima ya kimya. Mara ya pili akainasa tamthilia yote ya alasiri, ile ya ndugu wanaogombania kiwanda cha mikate. Akawa anafua huku watu wakizozana masikioni mwake. Lakini aliniambia haikuwa sawa.

"Zamani sauti ilikuwa ya nyumba. Sasa ni yangu peke yangu. Nikicheka najishtukia."

Siku moja akaenda kumjulia hali mgonjwa. Bibi alikuwa amelala chali, macho darini.

"Wewe ndiye mwenye redio?"

"Ndiye mimi, mama. Nisamehe kwa kelele."

"Kelele gani? Tamthilia yangu nilikuwa naifuata hapa hapa ukutani! Huyu mwanangu hakuniuliza, kaja kwako kwa akili zake. Eti, yule mkwe mwongo alizipata funguo za kiwanda?"

Shangazi alirudi kwake mbio, akaja na rekoda na hedifoni. Akamvalisha bibi taratibu, akimnyanyua kichwa kwa kiganja kama alivyozoea kazini. Mwenyewe akakaa ukingoni mwa kitanda bila kusikia chochote, akimtazama usoni. Bibi akiguna, anajua mkwe kaingia.

Ikawa hivyo kila jioni, mpaka binti wa bibi alipokuja kumchukua akamuuguze kwake, safari ya siku nzima kwa basi. Shangazi akampa bibi rekoda ile pamoja na hedifoni. Teksi ilipowashwa, bibi akamshika mkono kupitia dirishani.

"Usiache kunirekodia, mwanangu."

Shangazi akanunua rekoda na hedifoni nyingine. Siku hizi ukimtembelea alasiri utagonga sana kabla hajakufungulia, maana anarekodi tamthilia huku amevaa hedifoni. Kanda zikijaa humpa fundi viatu, naye huzipeleka akienda kumwona mama yake.

Juzi fundi aliporudi, Shangazi akamuuliza bibi amesema nini.

"Anakushukuru, mama. Ila siku hizi anasinzia mapema. Hafiki mwisho."

Shangazi akauviringisha waya wa hedifoni mkononi.

"Basi nitamrekodia vipande vifupi," akasema.