Mlinzi wa Mitalawanda

Kwa miaka kumi na tisa Devshi alishona viatu Mtoni, kando ya barabara ya Kilwa, na waliomwita kwa jina walikuwa wenye viatu vilivyotoboka tu. Mkewe, Jivi, alikufa kwa homa mwaka wa pili tangu washuke melini kutoka kwao Kathiawar, Bara Hindi, kabla hawajapata mtoto. Kila alfajiri Devshi aliwasha taa ndogo ya samli mbele ya picha ya Krishna, mungu wake, akaimba peke yake. Pale ambapo Jivi angeitikia, alinyamaza kidogo, akaitikia mwenyewe, kisha akafungua kibanda.

Mwaka uliotangulia vita vya pili vya Wazungu, guru wa Wahindu wa Kathiawar, mwalimu wao wa roho, akaja kuwatembelea. Matajiri wa mjini walimkodishia nyumba huku Mtoni mwezi mzima, apate utulivu. Devshi akamwendea Karsanbhai, msimamizi wa shughuli ile, akakutanisha viganja kifuani.

"Nipe utumishi wowote, bhai, ndugu yangu. Kufagia, kuteka maji."

"Mikono yako inashika ngozi, Devshi. Maji yako atayanywa nani?" Karsanbhai hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayetaja bei ya mchele. "Kaa ngazini, linda viatu. Siku ya kuaga, kila mtu atagusa miguu ya Guruji apate baraka. Na wewe utagusa."

Kwa ahadi hiyo Devshi akaishi.

Kila jioni Guruji alitoka chumbani kwake, ng'ambo ya uwanja, akaja ko, ko, ko kwa mitalawanda yake ya mti. Aliivua ngazini, akaingia kwenye sala. Devshi aliinamisha kichwa mpaka apite, basi sura ya mwalimu wake hakuijua. Aliijua miguu: nyayo nyembamba zilizopasuka kisiginoni, ukucha mmoja mweusi, kovu kama mbegu ya papai. Nyimbo zikianza ndani, alipangusa vumbi la mitalawanda ile kwa kitambaa kibichi, akaimba kwa midomo bila sauti.

Zuena, muuza vitumbua wa jirani, alikuwa akipita na sinia kichwani.

"Shikamoo, Mzee Devshi. Wenzio wanakula halua ndani, wewe unakula vumbi?"

"Marahaba. Hii ndiyo sala yangu, mama."

"Haya. Ila huyo mtakatifu wenu, mbona anavaa mitalawanda kama bi arusi anayekwenda kuoga?"

Devshi akacheka mpaka akajiziba mdomo. Kisha Zuena akaenda zake, na ngazi ikawa ndefu kuliko kawaida.

Siku nne kabla ya kuaga, mlio ulibadilika. Ko, kimya, ko. Guruji alikuwa akichechemea. Alipokwisha kuingia, Devshi akauinua mtalawanda wa kulia, akaona damu kwenye msuruaki, kile kijiti kinachobanwa na vidole. Mti ulikuwa umepata ufa, nao ulikuwa ukimla mzee wa watu kidole.

Ngozi ya mnyama aliyekufa haigusi mguu wa guru. Hilo Devshi alilijua tangu ananyonya. Lakini mkono wake ulijua dawa moja tu ya mguu unaoumia, nao ukatangulia. Alitoa mfukoni kipande cha ngozi laini ya mbuzi, akakizungushia kijiti, akakishona kwa uzi wake mweusi wa nta kabla nyimbo hazijaisha. Alipozinduka, Guruji alikuwa amekwisha kuvaa.

Devshi akangoja kelele. Hazikuja. Mitalawanda ikavuka uwanja ko, ko, ko, sawasawa, kama moyo wa mtu aliyelala vizuri. Kesho yake ikaja vilevile, na kesho kutwa. Alitaka kukiri, akaogopa. Akinyamaza siku mbili tu, ataigusa miguu ile kwa vidole vyake mwenyewe.

Asubuhi ya kuaga, watu wakiwa wamepanga mstari na mashada ya maua, Karsanbhai aliichukua mitalawanda aioshe kwa maziwa. Akasimama.

"Ngozi! Nani kafanya hivi?"

Devshi akatoka mwisho wa mstari. "Mimi, bhai. Kidole kilikuwa kinatoka damu."

"Umemtia najisi mwalimu wetu! Miaka yote hii, bado huna akili ya kujua hili?" Maziwa yakamwagika mchangani. "Toka. Usikae hata ngazini."

Devshi alitoka, akasimama mlangoni pa kibanda chake mpaka motokaa ya wageni ikapita kuelekea bandarini. Aliona vumbi, na kipande cha nguo ya Guruji, ya rangi ya manjano iliyokolea, dirishani. Kisha barabara ikarudi kuwa barabara.

Saa kumi Zuena akaja na kitu ndani ya kanga.

"Mzee, nimeviona viatu hivi jalalani pale. Nikasema, mti mzuri huu, na mshono nimeujua wa nani."

Devshi akapokea. Ngozi ilikuwa na kibonyeo, mahali kidole kilipopumzika siku nne. Akaugeuza mtalawanda kwenye mwanga. Uzi wake mweusi ulikuwa umekatika upande mmoja. Mahali ulipokatika, ngozi ilikuwa imefungwa tena kwa nyuzi zilizochomolewa kwenye nguo, za manjano iliyokolea, kwa fundo baya, fundo la mtu asiyewahi kushona kitu maishani mwake.

Akakaa chini.

"Kuna nini, mzee wangu? Unaumwa?"

"Alijua," Devshi akasema. "Akaifunga mwenyewe."

"Nani?"

Alifungua mdomo aeleze, akaona ni mbali mno kuanzia: ngozi, ng'ambo, Jivi. "Hakuna, mama. Ahsante."

Jioni ile aliwasha taa ya samli mapema. Mitalawanda hakuiingiza ndani. Ilikuwa na ngozi, na mbele ya Krishna ngozi haipiti. Aliiweka nje kizingitini, ncha zikielekea mlango, kama ya mtu aliyeingia kusali. Akaipangusa vumbi. Kisha akakaa kando yake, ailinde, akaimba. Safari hii alitoa sauti.

Ilipofika zamu ya kuitikia, alinyamaza kidogo, akasikiliza ndani.